Gari la Wifi Linatetemeka

Keki ya kwanza kuharibika ilikuwa ya mahafali, na Mama Keki alijilaumu mwenyewe. Alidhani amekosea krimu. Ya pili ilikuwa ya wazee wawili waliotimiza miaka mingi ya ndoa na bado wanashikana mikono wakivuka barabara. Ilitoka jikoni imesimama wima, maua yake yote yako mahali pake, ikafika ukumbini imepasuka ubavuni, ua moja limelala kifudifudi ndani ya buti la gari. Hapo akaacha kulaumu krimu, akaanza kulaumu gari.

Gari lenyewe lilikuwa jipya kwake tu, si jipya duniani. Alilinunua kwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye saluni na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Mjini lilikwenda vizuri, halina neno. Lakini likishika barabara kuu na kukaribia spidi ya themanini, lilianza kutetemeka kama mtu aliyeshikwa na homa.

"Linatetemeka," alimwambia mumewe.

"Magari yote hutetemeka," mumewe akajibu, macho hayabanduki kwenye runinga.

Mama Keki hakuridhika. Akaandika kwenye kundi la familia, sentensi moja tu, bila nia ya ugomvi: jamani, kuna anayejua hili gari lilikuwa na tatizo gani kabla halijaja kwangu? Ikawa kama ametia kiberiti kwenye pamba. Shemeji mmoja akasema ni injini. Mjomba akasema ni gia, kisha akabadilisha akasema ni shokapu, kisha akatuma picha ya gari jingine kabisa. Binamu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli akauliza kama liliwahi kupinduka. Wifi peke yake hakusema kitu, na watu waliomfahamu walijua kimya chake si cha heri.

Alhamisi asubuhi alitokea mlangoni, miwani ya jua usoni, mkoba begani.

"Chukua ufunguo," akasema. "Tunakwenda kwa fundi, mimi na wewe. Nimechoka kuonekana tapeli."

"Wifi, mimi sijasema wewe tapeli."

"Hujasema. Umeuliza. Kuuliza kwako kumesema."

Mama Keki alikuwa na vibakuli vya jeli vya kupeleka kwa mteja mchana, vimepangwa kwenye kikapu. Akaona bora avibebe hukohuko, akaviweka kwenye buti, wakaondoka. Njiani waliongea kuhusu joto. Kuhusu joto tu.

Fundi aliitwa Daktari, kwa sababu hagusi gari kabla hajauliza maswali. Alitoka chini ya lori moja, akafuta mikono, akawasikiliza wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa rahisi maana walikuwa wakisema kwa pamoja.

"Mmoja mmoja," akasema. "Linatetemeka ukifanya nini? Ukikanyaga mafuta, ukifunga breki, ukikata kona?"

Mama Keki akafikiri. "Likikimbia."

"Usukani unatetemeka mkononi?"

"Kila kitu kinatetemeka."

"Kila kitu si jibu, mama. Twende."

Mama Keki akashika usukani, Daktari akakaa pembeni yake, wifi akajitupa kiti cha nyuma na kukunja mikono. Barabara kuu ilikuwa nyeupe, haina magari. Sindano ya spidi ilipofika themanini, homa ikaanza.

"Hii hapa!" Mama Keki akapaza sauti, vidole vimeng'ang'ania usukani mpaka vimepauka.

"Legeza mikono. Uguse tu, kama unapima chai kama imepoa."

Alilegeza. Akashangaa. Usukani ulikuwa umetulia kabisa. Kumbe kilichokuwa kikitetemeka mikononi mwake muda wote huo ni mikono yenyewe.

"Basi magurudumu ya mbele hayana kesi kubwa," Daktari akasema. "Yangekuwa hayo, usukani ungekwambia. Sasa gusa breki taratibu." Hakuna kilichobadilika. "Diski za breki nazo tuziache. Toa gia, weka nyutro, liache lijiendee lenyewe." Injini ikashusha sauti, gari likateleza, na mtetemo ukabaki palepale. "Umeona? Injini imepumzika, lakini linaendelea. Si injini."

"Mwandikie shemeji huyo," wifi akasema kutoka nyuma. "Na mjomba wake na gia yake." Kisha, akiwa amesahau kwamba amenuna: "Lakini huku kwangu jamani! Mwenzenu natikisika hadi meno. Kiti hiki kinanikanda mgongo bure."

Daktari akageuka. "Nyuma. Sasa ni kushoto au kulia?"

"Mimi nitajuaje? Kiuno changu hakina dira."

Wote wakacheka, Mama Keki akiwa wa kwanza, na katikati ya kicheko akasema, "Jeli."

"Nini?"

"Jeli haijui kudanganya. Ukiibeba vibaya, inakwambia palepale."

Wakasimama kando ya barabara, akatoa vibakuli viwili kwenye kikapu. Kimoja akakiweka sakafuni upande wa kushoto, karibu kabisa na gurudumu la nyuma, kingine upande wa kulia. Wifi akakaa katikati, ameinama, miwani ameipandisha kichwani. Daktari alitikisa kichwa, lakini hakukataa.

Wakaondoka tena. Sabini. Sabini na tano. Themanini.

"Ya kulia inatikisika kidogo, kwa heshima zake," wifi akatangaza. "Ya kushoto… mama yangu wee! Ya kushoto iko kwenye dansi! Punguza, itamwagika! Hapana, usipunguze, ngoja niione vizuri!"

Kwenye gereji Daktari alipiga jeki nyuma kushoto, akavua gurudumu, akalilaza chini upande wa ndani ukiangalia juu. Wote watatu wakainama. Ndani ya rimu, kwa upande mmoja tu, palikuwa na bonge la kijivu, gumu kama jiwe, pana kama kiganja. Daktari akaligonga kwa bisibisi. Likalia ko, ko.

"Saruji," akasema. "Likizunguka taratibu huwezi kujua. Likikimbia, upande huu mzito unalirusha gurudumu. Mmelipitisha wapi gari hili?"

Mama Keki akamtazama wifi. Wifi akamtazama Mama Keki. Saluni haina saruji, wala jiko la keki halina.

"Hivi," wifi akauliza polepole, "kaka yangu ameliazima hili gari hivi karibuni?"

Mama Keki alishapiga simu tayari, sauti ameiweka nje ili wote wasikie.

"Mume wangu, ulipokwenda kumsaidia rafiki yako anayejenga, ulipita wapi na gari?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nimekuuliza, mpenzi."

"Nilirudi nyuma kidogo tu. Walikuwa wamekoroga zege, sikuliona. Lakini gari nililiosha! Nililiosha lote, mpaka vioo!"

"Ulikoishia kuosha ndiko kulikobaki," wifi akamkatiza. "Kaka, mimi wiki nzima nimelala na moyo mzito kwa ajili ya koleo moja la zege lako?"

"Kumbe uko hapo, dada?" Na simu ikakatika, bila shaka kwa tatizo la mtandao.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kicheko kilipopungua, Mama Keki hakumwachia. "Wifi, nisamehe. Ningekuja kwako kwanza, si kwenye kundi."

"Ungekuja." Wifi akajifuta macho kwa kidole. "Unajua kilichoniuma si maneno. Gari hili nililipenda. Nililiuza ninunue viti vya saluni, na siku ulipolichukua nilijifungia bafuni. Halafu nasikia linaitwa bovu."

Mama Keki akakumbuka. Alikuwa amelichukua siku ile akipiga honi kwa furaha mpaka mwisho wa mtaa.

Daktari alilibomoa bonge vipande vipande, akasugua rimu kwa brashi ya waya, akalibalansi gurudumu ili uzito uwe sawa pande zote, na kulirudisha. "Mkalijaribu," akasema. "Dakika chache tu, mnirudie nikaze nati tena."

Mama Keki akazunguka mbele ya gari, akapita mlango wa dereva, akafungua ule wa abiria. Ufunguo akaurusha kwa wifi yake juu ya paa, kisha akaketi.

Wifi alisogeza kiti mbele, akarekebisha kioo, akashika barabara kuu. Themanini ikapita bila hata kujitambulisha. Tisini. Gari likawa linateleza kama kisu ndani ya siagi, na wifi akaanza kuimba kwa ile sauti yake, madirisha yote wazi. Walipofika mahali pa kugeuzia kurudi kwa Daktari, Mama Keki alipaona, akaona na wifi amepaona. Hakuna aliyepataja, wakapita moja kwa moja. Mama Keki alinyoosha mkono nyuma, akatwaa bakuli moja la jeli, na vijiko viwili kutoka mkobani mwake.

"Mteja wako je?" wifi akauliza.

"Nitamtengenezea nyingine," Mama Keki akasema, akimlisha kijiko cha kwanza dereva wake.