Mwendo wa Sitini

Safia alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Karatasi ya chanjo ya kuku ikisema dawa ikae kwenye baridi, kwake ilikaa kwenye baridi. Mteja akiiacha dirishani mpaka kuku wakafa, Safia hakumpa pole. Alimpa somo, mbele ya wateja wengine. Alikuwa na stashahada ya mifugo, watoto watatu, duka la dawa za mifugo Mkolani na gari dogo la rangi ya fedha lililokwishatembea kilometa laki tatu na arobaini elfu.

Gari ndilo lililomtesa. Mwaka uliopita lilianza kula oili na kutoa moshi wa bluu, akashusha injini, ikafungwa upya. Siku ya nne mdogo wake Nurdin akaliazima kwenda nalo kwenye msafara wa harusi, akalikimbiza huku anapiga honi, na injini ikanoki, ikafa kabisa, kabla bibi harusi hajashuka. Nurdin alirudi na pikipiki na maneno matamu. Safia alikaa miezi minane akipeleka dawa za watu kwa miguu na kwa bodaboda mpaka alipoweza kuishusha injini mara ya pili.

Safari hii fundi Luhaga, aliyekuwa na gereji nyuma ya soko, alimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

"Dada, ringi ni mpya, beringi ni mpya. Vinatafuta mahali pa kukaa. Kilometa elfu moja za kwanza, usivuke sitini. Na kila ukitembea kidogo, simama, angalia oili na maji."

"Nikivuka?"

"Ukivuka, tusilaumiane."

Safia aliandika SITINI kwenye kipande cha plasta, akakibandika chini ya mshale wa mwendo. Gari lilikuwa limetembea kilometa mia mbili na kumi na mbili tangu siku hiyo, pale alfajiri moja simu ilipoita kutoka Bunda. Alikuwa Shaibu, mtoto wa mama yake mdogo Hadiya. Hadiya amefariki.

"Maiti inatoka nyumbani saa saba kamili," Shaibu alisema. "Mlete mama mkubwa amwone."

Mama mkubwa huyo ndiye Bi Mboni, mama yake Safia. Yeye na Hadiya walizaliwa tumbo moja, na walikuwa hawajasemeshana kwa miaka miwili. Hadiya alikuwa amemwoza binti yake bila kumshirikisha dada yake. Bi Mboni alisikia habari za harusi kwa mwuza vitenge. Akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga Bunda. Hadiya alituma salamu mara tatu. Salamu zote zilirudi kavu.

Safia alipofika Mirongo kumchukua, saa nne ilikuwa inagonga. Alikuwa ametangulia kuwapeleka watoto shule na kumfungulia duka msaidizi wake. Mama yake alikuwa amekaa kibarazani tangu saa mbili, kanga mbili kichwani, mkoba mapajani. Nurdin alikuwa amesimama pembeni.

"Nimsomee tu sikioni," Bi Mboni alisema akiingia nyuma. "Nimwambie nimemsamehe na yeye anisamehe. Sitaki kingine. Tutawahi?"

"Tutawahi, mama."

"Ni saa saba wamesema."

"Saa saba ya msiba ni saa nane. Lini umeona maiti ikatoka kwa saa? Watamngoja shangazi, watamngoja mjumbe, jeneza litatafutiwa shuka."

Nurdin alicheka kidogo. Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli, kwa hiyo hakuna aliyebisha.

Walipita Igoma, walipita Kisesa. Mshale ulisimama kwenye plasta kama umegundishwa. Malori yaliwapita. Basi liliwapita, kondakta akatoa kichwa kutazama kama kuna mtu amezirai kwenye usukani. Mbele kidogo akawapita mwenye pikipiki aliyebeba kitanda.

"Dada," Nurdin alisema, "hata kitanda?"

"Nyamaza."

"Nasema tu. Kitanda kitafika Magu kabla yetu."

"Wewe ndiwe uliyenifikisha hapa. Usinifundishe mwendo."

Nurdin akageukia dirisha. Hilo lilikuwa jiwe ambalo dada yake alikuwa nalo mfukoni siku zote.

Walipofika Magu, Safia alisimama. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa mahali pake. Akaiacha injini ipoe dakika kumi kamili, akitazama saa. Bi Mboni alitoa kichwa dirishani.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Naangalia isije ikaharibika."

"Mwanangu, kama haijaharibika, twende."

"Mama, ikitufia njiani hatufiki kabisa. Afadhali kuchelewa kuliko kulala Nassa."

Bi Mboni alirudisha kichwa ndani. Akaanza kuvuta uradi wake kwa vidole, maana tasbihi aliisahau.

Walipofika Lamadi, simu iliita. Shaibu tena, na sauti yake haikuwa ile ya asubuhi.

"Mko wapi?"

"Lamadi."

"Lamadi bado? Saa saba kasoro ishirini! Dada, imamu ana maziko mengine Balili. Amesema saa saba ni saa saba. Kimbizeni kidogo!"

Nurdin aligeuka akamtazama dada yake. Bi Mboni alikuwa ameyasikia yote, maana simu ilikuwa kwenye kipaza sauti. Akainama mbele, akashika kiti cha binti yake kwa mikono yote miwili.  Kisha akasema taratibu, kama anayeomba kwa mtu baki:

"Safia. Themanini tu. Kipande hiki tu."

Barabara mbele ilikuwa nyeupe, imenyooka, haina gari. Safia aliiona. Aliona pia injini ilivyofunguliwa baada ya ile harusi, chuma kimekwanguka kama kucha zimepita, na Luhaga akitikisa kichwa. Aliona miezi minane. Mguu wake ulikuwa juu ya mafuta na ungeweza kuyakanyaga.

"Nikiiua hapa, mama, utamwona nani?" alisema. "Watangoja. Watu hawamziki mtu ilhali dada yake yuko njiani."

Alibaki kwenye sitini.

Waliingia Bunda saa saba na dakika ishirini. Nje ya nyumba wanaume hawakuwepo. Palikuwa na viti vitupu, viatu vya wanawake mlangoni na mtoto mmoja akizoa majani. Bi Mboni hakungoja kufunguliwa mlango wa gari. Aliingia ndani akipita katikati ya wanawake, akafika chumba cha nyuma, akakuta kitanda kimeondolewa godoro na sakafu bado ina maji ya kuoshea. Harufu ya kafuri ilikuwa imejaa. Akasimama katikati ya maji.

"Tulimfunika, wakamtoa robo saa iliyopita," mwanamke mmoja alisema. "Shaibu alimwomba imamu sana. Pole, mama."

Bi Mboni aligeukia kitanda kile.  Maneno aliyokuja nayo hayakuwa ya kuziambia chaga za kitanda.

Nje, injini ilikuwa ikinguruma kwa upole. Haikuwa imechemsha, haikuwa imevuja hata tone. Safia aliizima.

Wiki tatu baadaye kilometa zilitimia elfu moja, akalipeleka gari kwa Luhaga kumwaga oili. Luhaga aliipokea oili ile kwenye beseni, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akainua macho.

"Dada, hii injini umeilea. Haina hata unga wa chuma. Ulikuwa unakwendaje?"

"Sitini."

"Sitini sitini?"

"Si ulisema sitini? Mpaka Bunda na kurudi."

Luhaga alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Alicheka kwa mapenzi, kama mtu anayemsifu mwanafunzi.

"Bunda kwa sitini! Yesu wangu. Miaka kumi na saba niko gereji, wewe ndiwe wa kwanza. Sisi tunasema sitini kwa sababu tunajua mteja ataenda themanini. Ukimwambia themanini ataenda mia na ishirini. Themanini, hata tisini kwa kipande, ingevumilia bila shida. Kwani ulikuwa unawahi wapi?"

 Safia alilipa, akachukua ufunguo, akaendesha moja kwa moja mpaka Mirongo. Mtu mwingine angeyameza maneno hayo. Safia hakufundishwa kumeza. Kwake jambo la kweli lilikuwa dawa, na dawa hutolewa kwa wakati.

Alimkuta mama yake akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Mama, natoka kwa fundi. Amesema tungeweza kwenda themanini. Ile sitini ilikuwa ya kutisha watu tu. Tungemkuta. Nimeona ujue."

Vidole vya Bi Mboni viliendelea kwenye mchele. Akatoa jiwe, akalitazama, akalitupa.

"Nani alikuuliza?"

"Mama, ni kweli tu, nimeona…"

"Mimi nilikuwa nimeshajiambia gari halikuweza. Kila nikilala nasema, Hadiya, gari lilikuwa bovu, si mimi. Halikuweza. Ndicho kilikuwa kinanipa usingizi." Alipepeta ungo mara moja, pumba zikaruka. "Sasa umekuja kunichukulia na hicho."

"Nisamehe, mama."

 Bi Mboni aliinua ungo, akasimama kwa shida akishika ukuta, na Safia aliponyoosha mkono kumsaidia, akauzunguka.

"Umekula?" aliuliza, kwa adabu ile anayopewa mgeni.

"Bado."

"Basi nenda ukawapikie wanao. Na ukitoka uvute mlango, paka wa jirani anaingia."