Sensa Ndani ya Sufuria

Mimi Kimotho ni dereva wa teksi, si fundi. Lakini nina simu yenye video za bure, na video hizo zimenipa kiburi.

Taa ya injini ilipowaka, fundi wa mtaani kwetu Gatina alisema injini inakula oili, ifunguliwe. Nikaona ananifanya mshamba. Mwenye video alisema ni sensa tu, kile kidude cha kwenye sailensa kinachonusa moshi: ikishika masizi unailoweka kwa petroli, unaisugua, unairudisha. Nikachukua sufuria iliyong'aa kuliko zote jikoni, na mswaki wa zamani. Asubuhi iliyofuata nikagundua mswaki wa zamani bado uko kwenye kikombe. Sitasema niligunduaje.

Sensa ilitakata. Nikaifunga, nikachomoa waya wa betri na kuurudisha, taa ikazimika. Nilijipiga picha na gari.

Jumamosi ya wiki hiyo mama wa mchumba wangu Apiyo alitaka nimchukue Kibera, anakokaanga samaki, nimlete Gatina aone binti yake atakaa wapi. Akishaona, ndipo angesema kama wazee wangu waende kwao kuposa au wasiende.

"Gari iko sawa?" akauliza akifunga mlango.

"Iko fiti, mama. Nimeosha sensa, nimeitengeneza mwenyewe."

Tulipoingia Kawangware, karibu na kwangu, taa ikawaka, gari likakohoa, likazima. Mama akashuka, akapitisha kidole kwenye mdomo wa sailensa. Kilitoka cheusi, kina mafuta.

"Fundi alisema nini?"

"Inakula oili," nikakiri.

"Na wewe ukaosha sensa. Mimi nasugua sufuria kila siku, Kimotho. Masizi inatoka kwa moto. Hiyo kitu ilikuwa inakuambia ukweli, wewe ukaiosha mdomo. Sasa Apiyo akikuambia ukweli, utamfanya nini?"

Nikajisikia nikisema jambo ambalo hakuna aliyeuliza.

"Mama, niliiloweka kwa ile sufuria mpya ulimpatia Apiyo ya kuanzia nyumba."

Akafungua kibeti, nikadhani anatafuta nauli ya kurudi Kibera. Akatoa kitambaa, akafuta kidole.

"Wazee wako wakuje," akasema. "Na sufuria. Na gari ingine."

Akaingia garini, akashika usukani.

"Sasa sukuma."