Mama Mkwe Mlangoni

Mwaka 1972 mke wangu Elise alirudi Kasese kutoka hospitali kubwa ya Kampala, kichwa chake hakina unywele hata mmoja. Alikuwa na kansa ya damu. Aliruhusiwa kupumzika nyumbani kabla ya kurudia dawa, lakini nilipokwenda kumchukua daktari alinivuta pembeni.

"Dawa hii inapunguza hata ile damu inayopigana na magonjwa," alisema. "Mafua ambayo wewe yatakupita tu, yeye yanaweza kumuua. Mwenye kikohozi asiingie chumbani."

Kwetu mgonjwa asiyetembelewa ni mtu aliyetupwa. Majirani walifika na ndizi na maziwa, nami nikawasimamisha uani, nikisikiliza pumzi zao. Aryemo, mke wa polisi, alicheka: "Sasa wewe iko afande ya mafua? Tupige saluti kwanza?" Wengine hawakucheka. Walisema mimi, Masereka, nina jambo ninaloficha.

Hayo niliyavumilia. Kisha akaja mama yake Elise.

Mama Martine alikuwa mzaliwa wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, akiuza vitenge mjini Bwera. Kwa desturi yetu mwanamume hasimami uso kwa uso na mama wa mkewe. Neno hupitia kwa mtu mwingine. Tangu nioe sikuwa nimemtazama. Siku hiyo hapakuwa na mtu wa kati, na nilimsikia akikohoa kabla hajafika uani.

Nilisimama mlangoni, macho yangu kwenye miguu yake yenye vumbi. Alisita, kisha akamgeukia kuku aliyekuwa akidonoa karibu.

"We kuku, ambia huyo mwanaume atoke mu mulango. Mutoto wangu iko mugonjwa."

"Mama, una kikohozi. Daktari amekataza."

"Kuku, unasikia? Ananisemesha! Ni dokta ndiye alimuzaa Elise?"

Majirani walikuwa wametoka kutazama. Masikio yaliniwaka. Mwanamume mzima anamzuia mkwewe kama mwizi! Hata hivyo sikusogea. Elise ndiye aliyetoka, akanishika bega.

"Niache, Masereka. Kama ni kufa, sitaki kufa mama yangu amekaa nje na kuku."

Alipita. Ningeweza kumzuia, alikuwa mwepesi kama mtoto. Mama yake alimkumbatia, akalia, akakohoa, akaziba mdomo kwa pindo la kitenge akiwa amechelewa.

Wiki haikuisha Elise akaanza kukohoa, kisha homa, kisha pumzi ikawa fupi. Nilimrudisha Kampala kwa gari moshi. Daktari alisema virusi vya mafua vimeingia mapafuni. Nilipomuuliza vilitoka kwa nani, alitikisa kichwa. "Hakuna anayeweza kujua. Hata wewe unaweza kuwa umempa bila kukohoa." Elise alifia huko.

Tulimzika kwetu Kinyamaseke. Matangani watu walinisifu. "Afande alisema kweli," Aryemo alisema, na safari hii hakutania. Wanawake walianza kusogeza mikeka yao mbali na Mama Martine, polepole, kama wanaofuata kivuli. Alibaki peke yake katikati ya uwanja. Niliona, na sikusema kitu. Naandika hili kwa aibu: sifa zile zilinituliza. Afadhali alaumiwe yeye kuliko mimi.

Mwishowe aliinuka, akaja mpaka nilipoketi na wanaume, akapiga magoti mbele yangu, akanitazama usoni. Macho yalikuwa ya Elise.

"Masereka. Ni kikohozi yangu ndiyo iliua mutoto?"

Nilikuwa na maneno ya daktari, yote, pamoja na yale yaliyonihusu mimi. Niliyasema, lakini kwa sauti ndogo sana, na nusu sikuyamaliza.

Alisogeza sikio. "Unasema nini?"

Sikurudia. Alingoja kidogo, kisha akakunja mkeka wake, akaenda barabarani kutafuta gari la Bwera.