Goti la Mama Da-hye

Katika kanisa la Wakorea wa Los Angeles hakuna anayeugua huzuni. Watu huugua magoti tu. Ndiyo maana Mama Da-hye alijifunga bandeji gotini kabla ya kwenda na binti yake kwa mshauri nasaha.

"Leo usiposema lolote kuhusu baba, nahama," Da-hye alikuwa amemwambia.

Kwenye chumba cha kusubiri waliikuta nusu ya kwaya, nyuso zimezama magazetini.

"Ee, Mama Da-hye! Goti?" aliuliza mke wa mzee wa kanisa.

"Goti, dada. Na wewe?"

"Goti. Baridi ya huku, we acha tu."

"Maskini kwaya," Da-hye alidakia. "Mtaimba mmekaa?"

Mama akamfinya.

Ndani, mshauri, msichana wa Kikorea, hakuuliza habari za moyo. Alimimina chai ya shayiri, akaitazama bandeji.

"Pole, mama. Lilianza kuuma lini?"

Mama Da-hye alikuwa ameandaa uongo mzuri kuhusu ngazi. Akauacha.

"Tulipomzika baba yake," alisema. "Linauma kila jioni nikimpakulia wali. Bado nampakulia."

"Lile bakuli la tatu?" Da-hye alishtuka. "Mama, mimi nimekuwa nikilila! Nilidhani unaninenepesha."

Mama alicheka, kisha akalia, na binti akamshika mkono.

Walipotoka, Mama Da-hye alimpa mke wa mzee ile bandeji.

"Jifunge, dada. Yule mshauri huanzia gotini."