Makao ya Usiku

Usiku wa jana Nyamizi Kapaya aliota mchana.

Hakuota jambo lililotokea mchana. Aliota mchana wenyewe, mweupe, wa jua la utosi, naye amesimama mbele ya geti la Makao ya Usiku akiwa amejifunga kitenge chake cha kulalia. Nyamizi ni afisa ustawi wa jamii, na makao yale anayajua kuliko jiko lake. Serikali iliyajenga kwa ajili ya watu wa mjini wanaolala kwenye baraza za maduka na stendi ya mabasi: vitanda vya chuma, magodoro, shuka za buluu, bomba la maji. Kila kitu kilikuwa tayari tangu kiangazi. Sasa masika yalikuwa yameshika kasi na geti lilikuwa bado limefungwa, kwa kuwa mgeni rasmi wa kuyazindua alikuwa hajapatikana. Ufunguo alikuwa nao Nyamizi, pamoja na agizo la mkuu wake, Mkurugenzi, la kutoutumia.

Ubavuni pake alisimama Mama Sikitu, boksi lake la kulalia kwapani. Huyu ni bibi anayelala kwenye baraza ya duka la vitambaa tangu shemeji zake walipomtoa katika nyumba ya marehemu mumewe. Kila Nyamizi alipopita kumjulia hali, bibi alimuuliza swali lile lile, bila kinyongo: "Mwanangu, vile vitanda bado vinakauka rangi?" Na kila mara Nyamizi alimjibu, "Wiki hii, mama."

Katika ndoto, wiki hii ilikuwa imefika.

Kufuli la getini lilikuwa kubwa na zito, na kwa kuwa lilimtangulia kazini, Nyamizi aliliamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba," kufuli likajibu. "Una shida gani?"

"Nimemleta mama huyu alale."

"Soma hapo juu."

Nyamizi akasoma kibao: MAKAO YA USIKU.

"Makao ya nani?" kufuli likauliza.

"Ya usiku."

"Huyu ni Usiku?"

"Hapana. Huyu ni Mama Sikitu."

"Basi mwenye makao ameshaingia," kufuli likasema. "Yumo ndani. Chungulia, ila usimwamshe."

Dirisha likasogea mpaka getini ili achungulie vizuri.

Ndani, Usiku alikuwa amelala. Alikuwa mrefu hata akalalia vitanda vyote, kichwa kwenye kitanda cha karibu na mlango, miguu kwenye kile cha karibu na bomba. Alikuwa amejifunika shuka zote za serikali, na bado nyayo zilibaki nje. Nyota alikuwa amezitundika msumarini pamoja na koti. Mwezi ameuweka ndani ya glasi ya maji juu ya stuli, kama wazee wanavyoweka meno ya bandia. Alikuwa akikoroma kwa raha.

Nyamizi aliliacha dirisha. Akatazama juu, jua lilikuwa palepale. Akatafuta kivuli chake, akakikosa.

"Kama Usiku yumo humo," akauliza polepole, "huku nje jua litakuchwa saa ngapi?"

"Hilo si swali la geti," kufuli likasema. "Muulize Mkurugenzi."

Akageuka amtafute Mkurugenzi, na alipogeuka akawa ameshafika. Mkurugenzi alikuwa ameketi nyuma ya meza yake katikati ya stendi, na mabasi yalikuwa yakiizunguka meza ile kwa adabu, bila kupiga honi. Utepe wa uzinduzi ameufunga shingoni kama tai. Mkasi wa kuukatia ulikuwa mezani, kwenye sinia.

"Bi Nyamizi, hongera," akasema.

"Hongera ya nini, mkuu?"

"Tuliahidi kwamba hakutakuwa na mtu anayelala nje usiku. Tazama nje. Usiku yuko nje?"

"Hayuko nje, mkuu. Yuko ndani."

"Sasa nani analala nje usiku?"

Nyamizi akafikiri. Aliligeuza jambo lile huku na huku, asione pa kulishika.

"Hakuna, mkuu."

"Hakuna. Tumefanikiwa hata kabla ya kuzindua."

"Na Mama Sikitu?"

"Akilala sasa atakuwa amelala mchana. Kulala mchana si ustawi wa jamii, ni uvivu. Uvivu una idara yake, ghorofa ya pili."

"Mkuu, jengo letu halina ghorofa ya pili."

"Ndiyo maana foleni yake haisogei," Mkurugenzi akasema.

Mkasi ukapiga miayo. "Hata mimi sijalala," ukanong'ona, na Mkurugenzi akaufunika kwa kitambaa.

Nyamizi anarudi mbio. Mji umechoka kwa mwanga. Wenye maduka hawawezi kufunga, kwa sababu hakuna anayefunga duka mchana, na kwa kuwa maduka yako wazi, baraza hazina nafasi. Kuku wamepanga mstari ukutani wakingoja giza. Watoto wamelishwa chakula cha mchana mara nyingi mpaka wakiona sahani wanalia. Wale waliokuwa wakilala barazani wamesimama kando ya barabara, kila mmoja na boksi lake, wanayumba.

Mgambo mmoja mwenye sauti laini anapita akiwakagua. Anasimama mbele ya Mama Sikitu, ambaye yuko wima, macho ameyafumba.

"Mama, unalala."

"Nimesimama, baba."

"Kusimama kwako kuna usingizi ndani yake," mgambo anasema. Kisha anamfungua kope kwa vidole, taratibu, kwa heshima zote, kama mtu anayefungua pazia kwenye chumba cha mgonjwa.

Kinachomtisha Nyamizi si vidole vya mgambo. Ni macho ya Mama Sikitu, ambayo yamefunguka na hayamwoni mtu.

"Dada," sauti inamwita kutoka kwapani mwa bibi.

Ni boksi. Zamani lilibeba mafuta ya kupikia, na ubavuni bado limeandikwa JUU NI HUKU.

"Kifua chake kimeharibika," boksi linasema. "Upande wa kushoto. Mimi ndiye ninayelala nacho, nakisikia."

"Mbona hukusema?"

"Nasema kila asubuhi anaponikunja. Mnadhani ni boksi linakwaruza."

"Anaweza kungoja mpaka mgeni rasmi apatikane?"

Boksi lilijikunja lenyewe, likajikunja tena, kama boksi ambalo halitatandikwa tena na mtu yeyote.

Nyamizi akamshika Mama Sikitu mkono amrudishe makaoni, lakini hawakuwa na haja ya kwenda mbali. Geti lilikuwa limewafuata. Akautoa ufunguo kwenye pindo la kitenge.

"Ufunguo nauona," kufuli likasema. "Lakini mimi sifunguki kwa ufunguo. Nafunguka kwa mgeni rasmi."

"Mgeni ni nani?"

"Ni mtu asiye na kwake hapa."

"Huyu hana kwake hapa wala kwingine."

Kufuli likafikiri. Lilikuwa kali, lakini halikuwa na hila. "Ni mgeni, sikatai. Rasmi je?"

"Rasmi ni nini?"

"Ni neno lililotamkwa na mtumishi wa serikali akiwa amesimama, kwa sauti, watu wakimsikia."

Nyamizi anageuka. Nyuma yake wamesimama watu wote wa barazani, wenye maduka, mgambo, na kuku kwenye ukuta wao. Mkurugenzi naye yupo, na meza yake. Katika kazi yake yote Nyamizi hajawahi kusema neno mbele ya wakubwa bila kuulizwa. Anatazama mkono wa Mama Sikitu ndani ya mkono wake, na anaona kucha za bibi zimekuwa za rangi ya jivu.

"Ndugu wananchi," anasema, na sauti inatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mgeni rasmi wetu ameshafika. Ni huyu, Mama Sikitu. Naomba apishwe."

Hakuna aliyepiga makofi. Utepe ukajifungua shingoni mwa Mkurugenzi, ukaanguka chini. Kufuli likafunguka.

Mlio wa geti ulimwamsha Usiku. Aliketi kitandani, akawaona waliosimama mlangoni, akaona haya kama mzee aliyekutwa ameketi kwenye kiti cha mwenzake.

"Niwieni radhi," akasema. "Niliona jina langu kibaoni. Tangu dunia iumbwe mimi hulala nje, na sijawahi kuona mahali palipoandikwa jina langu. Nikadhani mmenikumbuka."

"Pole, mzee," Nyamizi akasema.

"Nimeshapoa."

Akazikunja shuka moja baada ya nyingine, akavaa koti, akautoa mwezi kwenye glasi na kuufuta kwa kiganja. Mlangoni aliinama ili Mama Sikitu apite kwanza. Kisha akatoka, na giza likaumwagikia mji mzima kwa mkupuo.

Nyamizi aliamka. Kulikuwa kunapambazuka na mvua ilikuwa ikipiga bati. Alikaa kitandani akijiambia kwamba ndoto ni ndoto, na huku akijiambia hivyo alikuwa ameshavaa viatu. Hakuchemsha chai. Alichukua ufunguo, akasimamisha bajaji.

Alimkuta Mama Sikitu barazani, amelala juu ya boksi lililolowa, pumzi fupifupi, kifua kikilia kama mlango mbovu. Hakuitika alipoitwa. Nyamizi na dereva walimbeba. Getini kufuli lilifunguka kama kufuli lolote. Alichana nailoni ya godoro la kitanda cha karibu na mlango, akamvua bibi nguo zilizolowa, akamfunika shuka mbili za buluu, halafu akampigia simu muuguzi wa zahanati aliye jirani.

Muuguzi, Bi Tumsifu, alifika na mwavuli na mkoba wake. Akasikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Nimonia," akasema. "Upande huu wa kushoto ndio mbaya. Ungemwacha kwenye mvua leo, tungekuwa tunaongea mengine."

Akamchoma sindano. Simu ya Nyamizi ikaanza kuita. Alikuwa Mkurugenzi, habari zilikuwa zimeshamfikia kwamba geti liko wazi. Nyamizi aliitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza, akaiweka dirishani kifudifudi.

Jua lilipokuwa likijaribu kupenya mawingu, Mama Sikitu akafumbua macho. Safari hii yalimwona. Nyamizi alikuwa anamfuta miguu kwa taulo, na ndipo alipogundua kwamba nyayo zimevimba, zimejaa hadi vifundoni, kama za mtu aliyesimama kwenye foleni siku nzima.

"Miguu imefanya nini, mama?"

"Kusimama, mwanangu. Jana jua lilikataa kuchwa."

Jana mvua ilinyesha kutwa nzima. Jua hakuna aliyeliona. Nyamizi alimgeukia Bi Tumsifu, lakini muuguzi alikuwa akifunga mkoba wake, hakusikia, au alidhani ni maneno ya homa.

Mama Sikitu alivuta shuka mpaka kidevuni, akafumba macho tena.

"Nilikusikia uliponitangaza," akasema. "Baada ya hapo ndipo giza likaingia."