Upanga Usiochomoka

Nyumba ya seremala ilikuwa na panga nyingi kuliko viti, na kwa kuwa viti ndiyo kazi yake, mkewe alilichukulia jambo hilo kama tusi. Zilining'inia kuanzia mlangoni hadi juu ya televisheni: pana, nyembamba, zilizopinda kama ndizi, na mmoja wenye mpini wa kichwa cha simba ambaye, kwa uzembe wa kiwandani, alitoka na sura ya kondoo. Zote zilikuwa za kuiga, makali yake hayakati hata mkate. Zote, isipokuwa mmoja.

Huo mmoja ulikuwa wa kale kweli. Ulikuwa wa babu wa mkewe, na mama mkwe ndiye aliyemkabidhi seremala siku ya harusi, watu wote wakishuhudia. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Jemadari, naye akaitika bila haya, ingawa kuku akichinjwa yeye hugeuza uso na kuuliza kama kumekwisha.

Sasa, siri ya Jemadari ilikuwa hii: upanga ule hakuwahi kuuchomoa. Aliujaribu siku ileile ya kwanza, ukakataa. Akafikiri chuma kimekauka kwa uzee, akaenda karakana akachukua mafuta ya kitani, yaleyale anayopaka milango na meza, akamimina ndani ya ala. Mafuta hayo yakikauka hushika kama gundi. Nani asiyejua? Yeye mwenyewe huwaambia wateja: yaache yakauke, mlango utakuwa jiwe. Lakini hayo yalikuwa mambo ya mbao, na huu ni upanga, na kichwa chake hakikutaka kuyakutanisha hayo mawili. Ulipokataa tena, akauongezea. Ukakataa zaidi, akaujaza.

Ala ilikwama, lakini mdomo wa Jemadari haukukwama. Alipokwenda kunyolewa kwa mwanyumba wake, yaani kinyozi aliyemwoa dada wa mkewe, aliusimulia ule upanga mpaka povu likamkauka kidevuni. Una mistari kama mawimbi. Una maandishi hata wasomi wamenyoosha mikono. Kisha akasimama, shuka la kinyozi likimning'inia shingoni, na kughani:

"Nikiuchomoa hima, jua hujificha nyuma,
Na majabali husema, tusamehe tumekoma!"

Kinyozi naye hakuwa mtu wa kukaa na habari. Zikamfikia mama mkwe, mama mkwe akapiga simu.

"Mkwe wangu, hujambo? Nasikia upanga wa baba unauchomoa kila Ijumaa."

"Aa, mama... si kila Ijumaa."

"Mimi tangu utoto wangu sijauona ukiwa nje. Baba alikataa. Alisema ukitoka haurudi bila damu. Jumapili nakuja niuone. Na kama umeuacha ukaoza kwa kutu, nauchukua nampa mwanyumba wako. Yeye angalau wembe anaujua."

Simu ilipokatika, Jemadari alikaa chini. Angeweza kupoteza zile zote za ukutani, hata simba-kondoo. Lakini ule mmoja ukiondoka, yeye si Jemadari tena. Ni mwanamume mwenye mapambo.

Jumapili mama mkwe alifika na kinyozi nyuma yake, amevaa shati la kupokelea zawadi. Chai ililetwa, ikanywewa, ikaisha. Jemadari akasifu hali ya hewa.

"Mkwe," akasema mama, "upanga."

"Leo kuna unyevunyevu, mama. Chuma cha kale na unyevu..."

"Uchomoe."

Akauteremsha. Akapanua miguu, akavuta. Mishipa ya shingo ikamtoka.

"Huwa unaanza taratibu," akasema, jasho likimchuruzika.

"Labda umelala," kinyozi akasema. "Uimbie lile shairi lako."

"Mume wangu, shika vizuri, unatutia aibu," mkewe akanong'ona kwa sauti ya kusikika nje.

Mama mkwe akajifunga mtandio kiunoni. "Lete huku!"

Akaushika mpini. Jemadari akaishika ala. Kinyozi alitaka kumsaidia mama kwa nyuma, lakini kumkumbatia mama mkwe kiuno ni jambo ambalo adabu haina hata jina lake, kwa hiyo akahamia upande wa mwanyumba wake, na mke akamshika mamaye. Wanawake huku, wanaume kule. Wakavuta. Meza ikapinduka. Wakavuta tena.

Paa!

Wanawake wakaangukia kochi. Wanaume wakagonga ukuta, na panga zote zikawanyeshea kama maembe mabovu, simba-kondoo akatua mapajani mwa kinyozi, ambaye alipiga ukelele wa mtu aliyekatwa, akajipapasa, akajikuta mzima.

Mama mkwe alikuwa ameuinua mpini juu. Mbele ya mpini kulikuwa na kipande cha chuma kifupi kuliko kijiko cha chai.

"Uliobaki uko wapi?" akauliza kinyozi.

Jemadari akachungulia ndani ya ala. Akaitikisa. Ilitoa harufu ya milango mipya.

"Baba aliua chui kwa hiki," mama mkwe akasema polepole. "Alituonyesha hadi namna alivyoruka." Akamgeukia mkwewe. "Na wewe, yale maandishi uliyasomea wapi?"

"Mama..."

"Na mawimbi?"

Jemadari akainamisha kichwa. "Sijawahi kuuona, mama. Hata siku moja. Mpe mwanyumba wangu, ni haki yake."

"Mimi?" kinyozi akaruka. "Wa nini, kupakia siagi?"

Ndipo mama mkwe alipoanza kucheka. Alicheka akashika mbavu, akalala kwenye kochi, akajifuta machozi kwa mtandio, akakitazama tena kile kijiko, akaanza upya. Mwisho akaketi vizuri.

"Huyu kinyozi akisema uongo hujikuna shingo," akasema. "Upanga huu una kazi moja tu, na baba aliifanya maisha yake yote. Wewe umeifanya bila kufundishwa na mtu. Unakaa hapa. Na atakayefungua mdomo nje ya chumba hiki atanijua."

Kinyozi akajikuna shingo. Akakaziwa jicho, akaacha.

Mama akakirudisha kile kipande ndani ya ala, akagonga kwa kiganja.

"Haya, mkwe wangu, lete hayo mafuta yako."

Jemadari alishafika mlangoni alipoitwa tena.

"Na ukirudi unisimulie ile mistari. Uliiona mingapi?"

"Inategemea, mama," akajibu, kifua kikianza kurudi mahali pake, "na mwanga unatokea upande gani."