Maksi Nne za Swali la Kumi

Mimi nasahihisha swali la kumi tu. Ndivyo tunavyofanya kazi katika ukumbi huu: kila mwalimu na swali lake, karatasi inapita meza hadi meza, na ikinifikia mimi wa mwisho huwa imeshajazwa maksi za maswali tisa. Hii ilikuwa na arobaini na sita. Kufaulu ni hamsini. Swali langu lina maksi nne.

Swali liliuliza kama 347,347 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mwongozo wa kusahihisha ulisema ni tasa. Tangu juzi kila aliyekataa nilimpa sifuri, Mungu anisamehe, bila kuipigia hesabu hata mara moja.

Mtahiniwa huyu naye alikataa, ila yeye alieleza, kwa mwandiko mbaya, mistari mitatu. Namba ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili mfululizo, umeizidisha kwa 1,001. Na 1,001 ni 7 mara 11 mara 13. Basi 347,347 inagawanyika kwa zote tatu.

Nikazidisha pembeni. Kweli tupu. Niliona aibu, kisha hasira zikanipanda. Nikaenda kwa kiongozi wetu.

"Mwongozo umeshapitishwa, mwalimu," alisema bila kuinua macho.

"Mzee, mwongozo una makosa. Chukua kikokotoo, gawanya kwa saba."

"Mtihani huu hauruhusu kikokotoo."

"Hauwaruhusu watahiniwa. Kwani wewe ni mtahiniwa?"

Mama Rula wa swali la tisa, ambaye hapigi mstari bila rula, akanivuta gauni. "Shoga, kaa chini. Utatucheleweshea chai."

Sikukaa. Niliandika ubaoni 49,621, chini yake saba, nikazidisha kwa sauti, tarakimu moja moja, kama ninavyowafundisha darasa la nne. Jibu likatoka 347,347.

Kiongozi akanisogelea, akanong'ona. "Nimeona. Lakini mabunda kumi na manne ya karatasi zilizosahihishwa yameshafungwa kamba. Tukimpa huyu, itabidi tuyafungue yote. Tukiwanyima wote, angalau tumetenda haki."

Haki! Nilitamani kumrushia ile chaki. Mtu ametumia akili yake, sisi wenye vyeti tunaogopa kufungua kamba.

Nikajaza nne kwa wino mwekundu, nikamsogezea karatasi. "Zifute wewe. Ila sheria unaijua: anayebadilisha maksi anaandika jina lake kamili, sababu, na saini."

Akashika kalamu, akaandika jina lake vizuri tu. Alipofika kwenye sababu akasita. Akaisoma tena ile mistari mitatu, akautazama ubao. Chai ililetwa ikapoa.

Kisha akalikata jina lake. "Nani ana mkasi?" akauliza.

Nilimpa wangu, asante sikumpa. Bunda la kwanza lilikuwa na sifuri kumi na moja kwenye majibu sahihi, na kila moja ilikuwa na saini yangu.